Watoto wa Farasi wa Jiwe

Mo Shilan anauza tambi za mchele, na hajawahi kuweka nyama ya farasi kwenye supu yake. Huku kwetu pembeni mwa Guilin, watu wa mjini hufunga safari kwa ajili ya bakuli la nyama ya farasi, kwa hiyo biashara yake ina kilema tangu siku ya kwanza. Wageni wakishuka kwenye basi huuliza, "Mama, ya farasi ipo?" Naye hujibu bila kuinua macho kwenye sufuria, "Wewe ungemla baba yako?" Wengine hucheka wakakaa. Wengine hununa wakaenda kula kwingine, na mimi jirani yake, niliyekaa naye mlango kwa mlango tangu nilipoolewa, nimechoka kumwambia kwamba mgeni hapaswi kujibiwa hivyo.

Lakini ni kweli, baba yake ni farasi. Anasimama kando ya kibanda, wa jiwe, mwenye tandiko mgongoni na mtumishi wa jiwe ubavuni anayemshika hatamu. Pua yake imelainika kwa kushikwashikwa.

Kijiji chetu kiko ndani ya makaburi ya wafalme. Sikusema karibu, nimesema ndani. Zamani sana ukoo wa wafalme wadogo, ndugu wa yule mfalme mkuu wa kaskazini, ulichagua mahali hapa: mlima mgongoni, mto mbele. Wakajenga ukuta wa nje na ukuta wa ndani, wakapitisha njia iliyonyooka tangu lango la kwanza mpaka kwenye kilima cha kaburi, na kando ya njia wakasimamisha walinzi wa mawe: simba, kondoo, chui milia, farasi, tembo, halafu maofisa waliofunga mikono mbele. Ukuta wa nje ulipoanza kubomoka, mababu zetu waliona haya kuacha matofali mazuri namna ile yakae bure. Jiko langu limejengwa kwa tofali za mfalme, na halitoi moshi. Mtu akiulizia nyumba yangu anaambiwa apite simba, apite kondoo, na akifika kwa tembo ajue amepitiliza.

Shilan alizaliwa mwaka ambao chakula kilikuwa haba. Alikuwa mtoto wa homa, leo yuko, kesho hayuko, na mama yake alikuwa ameshazika wawili. Basi akamfunga mgongoni, akachukua bakuli la wali na uzi mwekundu, akampeleka kwa farasi. Akamzungushia farasi uzi shingoni, akaukata, kipande kilichobaki akamfunga mtoto, akasema, "Huyu si wangu tena. Ni wako. Mlee." Ndivyo tunavyofanya kwa mtoto dhaifu. Mabaya yakija kumtafuta, yanaambiwa baba yake ni jiwe, na jiwe haliugui wala halifi. Wakampa jina lenye jiwe ndani yake, maana shi ni jiwe, na homa ikaondoka. Anayetaka kubishana na hilo akabishane na Shilan, mimi sina nguvu hizo.

Shida ni kwamba hakuwa peke yake. Miaka miwili kabla, mama mwingine alikwishapita hapo na mtoto wake wa kiume, Liao Mabao, naye akaachwa kwa farasi huyohuyo, kwa sababu wakati huo kijiji kilikuwa na farasi mmoja tu. Ng'ambo ya njia, pale ambapo wa pili angesimama, palikuwa na shamba la magimbi la baba mkwe wangu, na hakuna aliyekumbuka kuwa paliwahi kuwa na kitu kingine.

Wakakua pamoja wakichunga nyati wa kulimia kati ya ukuta wa nje na wa ndani. Mabao alijua kupuliza jani la mti likatoa wimbo, na nyati wa Shilan walikuwa wakimfuata yeye kuliko mwenye nyati. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walipofikia umri wa kuoana, nyumba ya Liao ikamtuma mshenga. Bibi yake Shilan hakumkaribisha hata chai. Alimwambia mlangoni, "Watoto wa baba mmoja mnataka kuwaoza? Mna akili nyie?" Mshenga akageuka na zawadi zake, na habari ikaishia hapo, maana hata nyumba ya Liao walijua bibi amesema kweli. Mtoto wa jiwe hafunguliwi. Akioa lazima aende akamwambie baba, akizaa amwambie, akifa aambiwe kwa niaba yake.

Sitaki msomaji amhurumie Shilan bure. Aliolewa na Tang, fundi mwashi, mtu wa maneno machache na mikono myepesi, na walicheka sana wale wawili, nilikuwa nawasikia kupitia ukuta. Mabao akaoa mwanamke wa ng'ambo ya mto aliyekuja na miche ya pea, na mpaka leo tunakula pea zake. Ndoa zote mbili zilikuwa nzuri. Kisha Tang akaondoka kwa ugonjwa wa mapafu, na miaka kadhaa baadaye yule wa pea naye akaondoka, na kilichobaki ni watu wawili wenye mvi na farasi mmoja.

Tangu hapo Mabao hupata kifungua kinywa kwa Shilan. Tunamsikia kabla hajafika, anapuliza jani tangu kwa simba. Hukaa meza ya pembeni, hula tambi zake na maharage machachu na karanga za kukaanga, halafu hukaa tena bila kula chochote. Kila mwaka mpya, fataki zikishaisha, anamwomba Shilan amkubali. Kila mwaka anajibiwa vilevile.

"Kaka, kula. Zinapoa."

Nilimsema mimi, nani mwingine wa kumsema? "Shoga, lile ni jiwe. Limechongwa kwa nyundo."

"Jiwe hilo ndilo lililonibakiza hai," akaniambia. "Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Sikuwa nimezaliwa."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza, lakini si sana. Ilinikera. Nilikuwa naona jinsi anavyomwongezea karanga pasipo kuombwa, na jinsi anavyosimama na mwiko mkononi kumtazama akiondoka. Na si kwamba alikuwa anajinyima ili watu wamsifu. Aliamini. Kumwambia aolewe na Mabao ilikuwa kumwambia amtemee mate yule aliyemlea.

Halafu wakaja watu wa ukarabati. Waliongozwa na binti mpole anayeitwa Pan, mwenye kofia ya majani na viatu vilivyojaa matope, na mpango wao ulikuwa kurudisha njia ya wafalme ilivyokuwa: mawe ya sakafu, malango, walinzi kila mmoja mahali pake. Binti Pan akaja kwangu akiwa na haya.

"Mama, kwenye njia hizi hakuna mlinzi anayesimama peke yake. Simba wawili, kondoo wawili, tembo wawili. Farasi huyu ana mwenzake, na tunadhani yuko chini ya magimbi yako."

"Magimbi yangu yamekaa hapo kabla babako hajaota meno."

"Najua, mama."

"Na kama hayupo?"

"Nitakuja kuyapanda tena mwenyewe."

Nikampenda kwa jibu hilo, nikawaacha wachimbe. Wakanipa kipande kingine nyuma ya tembo, udongo mkavu, magimbi yake hayaivi vizuri hata leo. Na farasi alikuwepo. Alikuwa amelala ubavu ndani ya matope, na mtumishi wake amelala karibu naye, hatamu mkononi. Kwa kuwa hakuna mvua iliyomfikia wala mkono uliomshika, kila mchongo ulikuwa bado mkali: manyoya ya shingo, vifundo vya tandiko, pua nzima. Walipomwinua kwa winchi kijiji kizima kilitoka kutazama. Mabao alikuwa mbele kabisa, mdomo wazi, jani limesahauliwa kati ya vidole.

Kesho yake hakupuliza wimbo. Alikaa, akaweka vijiti chini kabla ya kugusa tambi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Shilan, nimepata baba mwingine."

"Umepata nini?"

"Baba. Yule mpya, wa magharibi ya njia, hana mtoto hata mmoja. Nitamuaga mzee wetu kwa adabu, nitahamia kwa yule. Uzi, wali, kila kitu. Halafu sisi si ndugu tena."

"Una miaka sitini na kitu, Mabao. Nani atakubeba mgongoni?"

"Nitatembea mwenyewe, nimeshajifunza."

Wateja wakaangua kicheko. Shilan hakucheka. Alikuwa amekwishafikiri, nadhani tangu farasi alipotokeza sikio kwenye matope. "Na huyo wa pili ni nani kwake wa kwanza?" akauliza. "Wanasimama wanatazamana. Mume na mke hao. Utakuwa umetoka kwa baba umeingia kwa mama. Bado kaka yangu."

Hilo Mabao hakulitarajia. Ikawa mjadala wa kijiji kizima, wanaokaa kwa tembo walisema ni mume na mke, wa kwa kondoo walisema ni mapacha, na nyumba moja huko kwa maofisa waligombana mpaka wakanyimana chakula cha jioni. Mwishowe nikasema maneno ni ya nini, si twende tukaangalie? Tukachukua ndoo na brashi mimi na Shilan, mchana kweupe, tukapiga magoti chini ya farasi mpya, tukasugua matope tumboni. Tukasugua na kusugua. Fundi wa mfalme hakuchonga kitu. Aliacha jiwe zima kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, akalipamba kwa mawingu. Tukaenda kwa farasi wetu wa zamani, kumbe naye ni mawingu matupu. Miaka yote ile anaitwa baba, na hakuna aliyewahi kuinama kuhakikisha.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Binti Pan akaja mbio.

"Mama zangu, mnatafuta nini huko?"

"Ukoo," nikamwambia.

Tulipopumua, Shilan akawa anamtazama yule mtumishi wa jiwe. Akamtazama na wa ng'ambo. Akaiweka brashi chini.

"Kila mmoja ana mtu wake wa kumshika hatamu," akasema. "Mimi na Tang tulipojitenga na wakwe, kitu cha kwanza tulijenga jiko letu. Watu wa jiko moja hawaweki watumishi wawili, kila mtumishi na bwana wake, na njia nzima katikati. Hizi ni nyumba mbili, shoga. Hawa ni majirani."

"Majirani wanaoana," nikasema.

"Sijasema hivyo."

Lakini uso ulikuwa umewaka, na si kwa jua.

Hata hivyo Shilan ni Shilan. Akasema kuhama si kujihamia tu, baba aulizwe kama anamwachilia. Akamwita Bibi Zhou, mkongwe wetu wa kuzungumza na mizimu, ambaye macho yake yameshaingia ukungu lakini ulimi bado ni mkali. Bibi ana vipande viwili vya mzizi wa mwanzi, kila kimoja bapa upande huu na mviringo upande ule. Unauliza, unavirusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, amekubali. Vyote mviringo juu, amekataa. Vyote bapa juu, anacheka, hajaamua, uliza tena. Hata akikataa unaruhusiwa kuuliza mpaka mara tatu; zikiisha usipate ndiyo, umekwishajibiwa.

"Akikataa," Shilan akamwambia Mabao mbele yangu, "hutaniuliza tena. Si mwaka mpya, si siku nyingine yoyote. Utakula tambi zako uende."

"Na nikikataa masharti?"

"Basi umejijibu."

Mabao akakubali. Mimi nilikasirika, sifichi. Wanaishi vizuri, wana asubuhi zao, wana karanga zao, na huyu anakwenda kuyaweka yote juu ya vipande viwili vya mwanzi! Nikamwambia Shilan hivyo. Akaniambia, "Nikimpata kwa kumzunguka baba, kila asubuhi nitapita mbele ya mlango wa baba nikiinamisha kichwa. Sitaki." Nikaenda kumwagilia magimbi yangu mabaya.

Tukafanya siku ya kufagia makaburi, kwa sababu siku hiyo watoto wote wanarudi. Mwana wa Shilan alitoka Guangdong na mkewe. Nilidhani atapinga. Alimwambia mama yake, "Mimi nimemwita mjomba Mabao tangu nijue kusema. Kumwita jina jingine ndiyo kazi pekee niliyo nayo." Tulifagia makaburi yetu asubuhi, na kama desturi tukapandisha vijiti viwili vitatu vya ubani kwa wafalme pia, maana ndio wenye kiwanja. Halafu watu wote wakashuka njiani. Sakafu mpya ya mawe ilikuwa imeshawekwa, imebaki mianya tu kuzunguka misingi ya walinzi, na farasi wawili walitazamana kwa mara ya kwanza tangu mababu wa mababu zetu.

Mabao alivaa shati jipya. Alimwekea mzee wetu kuku mzima, pombe ya maua na maandazi ya kijani ya msimu, akapiga magoti, akamshukuru kwa kila mwaka aliompa. Alipofika kumtaja marehemu mkewe akasema kwamba alimleta hapa pia, na baba akampokea. Watu walitazama chini. Ng'ambo, uzi mwekundu na bakuli la wali vilikuwa tayari.

"Nani anauliza?" akasema Bibi Zhou.

"Mimi," akasema Mabao.

"Wewe unaondoka. Anayebaki nyumbani ndiye anayeuliza."

Akampa Shilan vipande.

Shilan akainama kwa farasi, akasema maneno yake kimyakimya, akavirusha. Vikagonga jiwe, vikatulia. Vyote mviringo juu. Watu wakaguna. Mabao hakusogea, ila mkono wake ulikwenda mfukoni, mahali anapoweka majani yake, ukakaa humo.

Akavirusha tena. Vyote bapa juu.

"Anacheka," akasema mtu, na Bibi Zhou akasema, "Si wewe uliyeulizwa, nyamaza."

Shilan aliviokota, akavishika kifuani. Hakuvirusha mara moja, mwanamke ambaye sikumwona akisita hata siku ya kumzika Tang. Nikajua kwamba alikuwa anataka. Si kuruhusiwa tu, kutaka, kama alivyotaka akiwa msichana nyuma ya nyati. Akarusha.

Kipande kimoja kikalala pale pale, bapa juu, peupe. Cha pili kikaruka, kikabingirika, kikapita kando ya kwato ya farasi na kutumbukia kwenye mwanya kati ya msingi wake na sakafu mpya. Tukasikia kikigonga chini.

Bibi Zhou, ambaye haoni, akageuza sikio. "Imekuwaje? Mbona mmekufa nyote?"

Mabao alikwishaanza kuinama, viganja kwenye mawe. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Ngoja nitazame."

"Inuka," akasema Shilan.

"Lazima tujue kimelalaje."

"Inuka, Mabao." Hakumwita kaka. Sote tulisikia kwamba hakumwita kaka. Aliweka kiganja juu ya pua ya farasi, ile iliyolainika, kisha akamgeukia Bibi Zhou. "Amekubali, bibi."

"Umeona?"

"Ni baba yangu. Namjua."

Bibi Zhou akatafuna ufizi wake kidogo. "Basi mpelekeni mtoto kwa baba yake," akasema, na Mabao, na mvi zake, akavushwa njia akafungwe uzi mwekundu.

Wiki iliyofuata mafundi walikuja kuziba mianya yote kwa chokaa na saruji. Walipofika kwa farasi wetu wa mashariki, Shilan alitoka kibandani mwenyewe akawapelekea bakuli moja moja, karanga za ziada, akasimama hapo na mwiko mkononi mpaka walipomaliza.